Rika Asiuzwe Mnadani

Kila asubuhi mtaa wetu wote ulijua kwamba Lyle Vondra anakwenda kazini. Rika ndiye aliyetutangazia. Mbwa huyo akisikia funguo zinalia, anabweka mara moja tu, kwa ukali, kama yeye ndiye mkubwa wa kazi na Lyle ni msaidizi wake.

"Jamani nyinyi wawili!" Corinne, mke wa Lyle, anapiga kelele kutoka jikoni. "Watu bado wamelala!"

Nani amelala? Mimi naishi ng'ambo ya barabara, na sijanunua saa ya kuniamsha tangu Rika aje.

Lyle ni naibu sherifu, yaani askari polisi wa kaunti yetu ya Larkin. Kaunti yenyewe ni kubwa, watu ni wachache, na ukitazama kila upande ni ngano. Rika alikuwa mbwa jike wa polisi. Kazi yake ilikuwa kunusa na kutafuta. Mzee mmoja wa hapa alipopotea kwenye theluji, watu wazima walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Rika ndiye aliyempata, amejikunja nyuma ya ghala, bado hai. Kwa hiyo hapa kwetu Rika hapiti bila kusalimiwa.

Lakini mwaka huu nyonga zake zilianza kumuuma. Alikuwa akiruka ndani ya gari la polisi, sasa akawa anabebwa. Daktari wa mifugo akamwangalia, akasema, "Basi. Astaafu."

Lyle hakuhuzunika sana. Alikwenda kwa mkubwa wake, Sherifu Gus Haldorsen, akiwa ameshapanga mambo yote kichwani.

"Mkuu, Rika akistaafu, atabaki kwangu. Si ndiyo?"

Sherifu alijikuna kidevu. "Lyle, ndugu yangu, huyo mbwa si wako. Wala si wangu. Ni mali ya kaunti. Sheria ya jimbo inasema mali ya kaunti ikimaliza kazi, inauzwa kwa mnada wa wazi. Mwenye bei kubwa anachukua."

"Hata mbwa?"

"Sheria haikutaja mbwa. Imesema mali. Kwa hesabu za kaunti, Rika yuko kati ya malori mabovu na viti vya ofisi."

Mnada wa kaunti hufanyika kila mwezi wa Mei. Na tayari Boyd Trask, mwenye uwanja wa vyuma chakavu, alikuwa ameshasema mkahawani, mbele za watu, kwamba anamtaka Rika. Anataka kumfunga mnyororo langoni ili wezi waogope. Boyd si mtu mbaya. Ila pesa anazo, na mapenzi ya mbwa hana.

Corinne aliposikia, aliacha unga kwenye meza, akakaa chini. Yeye ni mpishi wa shule, mwanamke wa kucheka kutwa nzima. Siku hiyo hakucheka.

"Mnyororo? Rika? Huyu anayelala juu ya miguu yangu kila jioni?" Akaanza kulia. "Lyle, fanya kitu."

Lyle hakujua afanye nini.

Wiki iliyofuata Sherifu alikuja na habari. Mbunge mmoja alikuwa amepeleka mswada katika bunge la jimbo, mswada namba 214. Ulisema kwamba mbwa wa polisi akistaafu, askari aliyekuwa akimwongoza apewe mbwa huyo bila mnada.

"Ukipita tu, mambo yamekwisha," Sherifu akasema.

Lyle akawa mtu wa simu. Anakula, anatazama simu. Yuko foleni dukani, anatazama simu. Siku moja mwezi wa Machi, nikiwa nafagia theluji mlangoni, nikasikia mtu anapiga mayowe. Nikadhani nyumba inaungua. Kumbe ni Lyle, yuko nje na soksi tu, anarukaruka kwenye theluji.

"Umepita! Mswada umepita!"

Basi Jumamosi ikawa sherehe. Corinne alipika sufuria kubwa ya maharage na nyama yenye pilipili, na mikate ya mdalasini ya kulia pamoja nayo, maana hapa kwetu chakula hicho bila mikate hiyo hakijakamilika. Kulikuwa na keki yenye picha ya Rika. Kusema kweli ilifanana zaidi na mbuzi, lakini nani angesema? Sherifu alikuja. Watu walijaa mpaka gereji. Rika alilala katikati akipokea nyama kutoka kila upande.

Hapo ndipo alipoingia jirani yao, Bi Verlene Stopka.

Bi Verlene alikuwa karani wa kamati katika bunge la jimbo kwa miaka mingi kabla ya kurudi hapa. Anajua mambo mengi, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukuambia kwamba anayajua. Wengi humkwepa. Ukimuuliza jambo dogo la bungeni, kahawa itapoa na jibu bado halijafika nusu. Siku hiyo alikula kwanza. Alimaliza sahani yake, akaongeza, akafuta mdomo.

"Hongera, Lyle," akasema. "Umepita wapi?"

"Umepita bungeni, Bi Verlene!"

"Bunge lina nyumba mbili, mwanangu. Umepita nyumba ipi?"

Lyle akamtazama Sherifu. Sherifu akaitazama keki.

"Baraza la Wawakilishi," Lyle akasema polepole.

"Na Seneti?"

Mtu mmoja akacheka huko gereji, halafu akanyamaza.

"Haya, nipeni kiti," Bi Verlene akasema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja miaka kuulizwa. "Mswada ni kama mgeni mwenye milango mingi ya kubisha. Unaanza katika nyumba moja. Kamati inauchambua, halafu nyumba nzima inapiga kura. Hapo ndipo ulipofika wako. Sasa unakwenda nyumba ya pili, na huko unaanza upya. Kamati tena, kura tena. Huko wanaweza kuubadilisha, na hata kuuua. Ukibadilishwa, unarudi nyumba ya kwanza waseme kama wanakubali mabadiliko. Halafu gavana asaini. Mpaka hapo, bado si sheria."

"Kwa hiyo tumesherehekea nini?" Corinne akauliza.

"Mmesherehekea nusu ya safari. Chakula kilikuwa kitamu lakini. Nani amekuwa akiufuatilia mswada huu?"

"Sherifu," akasema Lyle.

"Lyle," akasema Sherifu, sauti zikagongana. Kisha Sherifu akaongeza, "Na nilijua chama chetu cha masherifu kipo macho."

"Chama kina miswada mingi mikononi," Bi Verlene akasema. "Hakimjui Rika. Lete simu."

Alimwonyesha Lyle tovuti ya bunge la jimbo. Ukiandika namba ya mswada, unaona umefika wapi, uko kamati gani, na kikao ni lini.

"Usisome tangazo la mtu kwenye mtandao," akasema. "Soma hapa. Na usisome mswada wa kwanza uliopelekwa. Soma wa karibuni kabisa. Maneno yaliyokatwa yamepigwa mstari katikati. Maneno mapya yamepigwa mstari chini. Hapa kuna nini?"

Lyle akasoma. Rangi ikamtoka usoni.

Seneta mmoja alikuwa ameleta pendekezo la kubadilisha mswada. Alitaka sheria hiyo itumike kwenye miji mikubwa tu, yenye watu zaidi ya elfu hamsini.

"Elfu hamsini!" Sherifu akasema. "Sisi labda tuhesabu na ng'ombe."

"Na kikao cha kamati ni Jumatano," Bi Verlene akasema. "Wananchi wanaruhusiwa kutoa maoni. Pendekezo hili likikubaliwa, Rika anakwenda mnadani."

Corinne alishika kichwa. Lyle alisimama, mishipa imemtoka shingoni.

"Nakwenda! Nitamwambia huyo seneta ukweli wake. Hajawahi kukanyaga hata shamba moja la ngano!"

"Kaa chini," Bi Verlene akasema. "Ukienda na matusi, utarudi na matusi. Kwanza tuulize kwa nini ameleta pendekezo hilo. Hakuliota usingizini."

Jumatatu walipiga simu ofisini kwa seneta huyo. Anaitwa Ottoline Pruett. Msaidizi wake alijibu vizuri tu, wala hakuwa na haraka. Alisema seneta ana hofu moja. Mbwa wa polisi amefundishwa kukamata watu. Miji mikubwa ina walimu wa mbwa na madaktari wa kuwapima. Kaunti ndogo hazina. Je, mbwa akikabidhiwa hivihivi, halafu akamng'ata mtu? Kaunti itashtakiwa.

Lyle aliweka simu chini. Hasira ilikuwa imempungua. "Kumbe ana hoja," akasema.

"Ana hoja," Bi Verlene akakubali. "Sasa wewe mpelekee jibu la hoja yake. Mswada useme daktari wa mifugo ampime mbwa kwanza, athibitishe kwamba ni salama kuishi nyumbani. Hofu yake inapungua, na mpaka wa elfu hamsini hauna kazi tena."

"Kwa nini tusimpeleke Rika mwenyewe?" Corinne akauliza. "Wakimwona tu, wataona alivyo mpole."

"Wewe mama, lile ni bunge, si sarakasi! Rika abaki hapa, nitamlisha mimi," Bi Verlene akasema.

"Si unakuja nasi?"

Bi Verlene akafikiri kidogo. "Basi atalishwa na huyo wa ng'ambo ya barabara." Ndiyo, alimaanisha mimi. Wala hakuniuliza. Lakini nilimpenda Rika, nikakubali.

Shida ilikuwa Lyle. Mtu huyu hukimbiza wezi gizani bila woga. Lakini mweke mbele ya watu aseme maneno, anageuka jiwe. Jumanne alijaribu jikoni mbele ya mkewe na Bi Verlene.

"Mimi naitwa... ee... mimi ninge... samahani, naomba maji."

"Umeomba maji kabla hujataja jina!" Corinne akasema, na hapo angalau akacheka.

"Siwezi," Lyle akasema. "Wewe nenda ukaseme, Corinne."

"Mimi sikumwongoza Rika. Ni wewe."

Bi Verlene akagonga meza. "Lyle, ukiwa barabarani na kuna ajali, unasemaje kwenye redio?"

"Nasema mimi nani, niko wapi, kuna nini, nahitaji nini. Basi."

"Basi ndiyo hivyohivyo! Jina lako. Unakaa wapi. Mswada namba ngapi. Unaunga mkono au unapinga. Unataka nini kibadilishwe. Dakika mbili tu, halafu nyamaza. Wale wanaonyamaza mapema wanapendwa sana kule."

Jumatano waliondoka mapema. Sherifu alimruhusu Lyle avae sare. Alimwambia, "Ukivaa sare bila ruhusa yangu, watu watasema umejituma mwenyewe kwa jina la kaunti. Ruhusa nimekupa. Na mimi nakuja." Walikwenda wanne kwenye gari moja, na Bi Verlene alizungumza njia nzima. Sherifu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kutamani king'ora namna ile.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo kuliko Lyle alivyotarajia. Maseneta walikaa mbele, na watu wa kutoa maoni nyuma. Mwanamke mwenye miwani, nywele fupi za mvi, ndiye alikuwa Seneta Pruett. Lyle aliitwa. Akaenda kwenye kipaza sauti. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Corinne aliona masikio yake yanakuwa mekundu.

Kisha Lyle akainamisha kichwa kwenye kipaza sauti, vilevile anavyoinama kwenye redio ya gari.

"Naibu Sherifu Lyle Vondra, Kaunti ya Larkin. Niko hapa kwa mswada namba 214. Nauunga mkono. Napinga mpaka wa watu elfu hamsini. Naomba mahali pake pawekwe hivi: daktari wa mifugo ampime mbwa kabla hajakabidhiwa. Pia naomba sheria ianze siku gavana anaposaini. Mnada wetu ni Mei. Sheria mpya huanza Julai. Kufika Julai mbwa wangu atakuwa ameshauzwa." Akavuta pumzi. "Ni hayo tu. Asanteni."

Mwenyekiti wa kamati akatabasamu. "Naibu, hilo la siku ya kuanza umefundishwa na nani?"

Huku nyuma Bi Verlene alinyoosha mkono na kuupunga kama malkia. Maseneta wawili wazee walimtambua, wakacheka.

Lakini Seneta Pruett hakucheka. Alivua miwani.

"Naibu Vondra, nina swali moja. Daktari anaweza kukosea. Mbwa huyu akimng'ata mtoto wa jirani, nani atawajibika?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Lyle aligeuka akamtazama mkewe. Corinne alijua swali hilo lina maana gani. Lina maana ya nyumba yao, akiba yao, jina lao. Alimwitikia kwa kichwa.

"Mimi, Mheshimiwa," Lyle akasema. "Kaunti isiwajibike. Niwajibike mimi. Andikeni hivyo kwenye sheria. Huyu mbwa alikuwa akiingia kwenye kila nyumba ya hatari kabla yangu. Kama kuna jambo la kubeba sasa, ni zamu yangu kulibeba."

Corinne alikuwa analia waziwazi, na Sherifu alikuwa anatazama dari kwa bidii sana.

Seneta Pruett akarudisha miwani. "Hilo naweza kulipigia kura," akasema.

Na alilipigia. Mpaka wa elfu hamsini ukaondolewa. Badala yake yakaingia mambo matatu: daktari wa mifugo, wajibu wa mwenye mbwa, na kifungu cha kuanza mara moja. Seneti yote ikapiga kura, wengi wakakubali.

Lyle alipiga simu nyumbani kutoka kazini. "Corinne! Umepita!"

"Umepita Seneti," Corinne akamjibu. "Lakini umebadilishwa. Lazima urudi kwa Wawakilishi wakubali mabadiliko. Rudi kazini, na usivue viatu."

Safari hii hakuna aliyemtegemea mwenzake. Sherifu alibadilisha utaratibu wa ofisi. Kila Jumatatu asubuhi, wakati bunge liko kwenye vikao, wanakaa na kahawa na kufungua tovuti ya bunge. Wanatafuta miswada yote inayogusa kazi ya polisi. Kila askari anapewa ya kwake, na anasimama kueleza: umefika wapi, umebadilika nini, kikao ni lini. Ukisema "nadhani kuna mtu anaufuatilia," unanunua vitumbua vya ofisi nzima. Katika Jumatatu za mwanzo tu waligundua mswada mwingine wa kuongeza saa za mafunzo, ambao ungewaacha bila askari wa zamu ya usiku. Waliandika barua mapema, wakasikilizwa. Zamani wangeusikia siku ulipoanza kuwabana. Bi Verlene naye huja Jumatatu. Hakualikwa, lakini siku hizi akichelewa wanampigia simu.

Wawakilishi walikubali mabadiliko. Gavana akasaini Aprili. Corinne mwenyewe ndiye aliyesoma tovuti, akasoma mara ya pili, kisha akampa Bi Verlene naye asome. Ndipo akapiga kelele, na safari hii mtaa mzima ulipiga kelele naye.

Siku ya kukabidhi tulijazana katika ofisi ya Sherifu. Daktari wa mifugo alikuwa ameshampima Rika. Aliandika kwamba ni salama, ila ni mvivu. Sherifu akasoma kifungu kwa sauti, kile cha wajibu. Lyle akasaini bila kusita, na Corinne akasaini chini yake, ingawa hakuna aliyemwambia asaini. Kisha Lyle akapiga goti. Akafungua beji kwenye mkanda wa shingo ya Rika, akaiweka juu ya meza. Rika akakaa wima, masikio juu, akimtazama usoni. Alikuwa anangoja amri.

Lyle hakuwa na amri ya kumpa. "Basi, mama," akamwambia. "Kazi imekwisha. Fanya unachotaka."

Rika akafikiri. Akainuka polepole kwa nyonga zake mbovu. Akaiendea meza, akanyoosha shingo, akachukua mkate wa nyama wa Sherifu, chakula chake cha mchana, akaumeza karibu mzima.

Tulikufa kwa kicheko. Sherifu akaruka kutoka kitini.

"Lyle! Mbwa wako amekula chakula changu!"

Lyle alikuwa bado amepiga goti. Kicheko kilimwisha ghafla, machozi yakaanza kumtoka, na hata hakuyafuta.

"Ndiyo, mkuu," akasema. "Ni mbwa wangu. Nitakulipa."

"Utalipa," Sherifu akasema, naye akitafuta leso. "Umesaini."